Moshi Kidogo Upande wa Kushoto

Mimi, mu mambo ya kununua na kuuza, hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Muulize hapa Rubaya, ao mushuke na barabara mpaka Walikale, watawaambia. Nikigonga pipa la mawese na kidole kimoja ninajua kama waliongeza maji. Nikishika maharage mu kiganja ninajua kama yalilala mu mvua. Kamio zangu mbili za kubebea mizigo nilizinunua zikiwa nzee, na muuzaji njo alitoka jasho, si mimi. Shule nilifanya miaka miwili tu kwa misioni, na haya maneno ninayaandika polepole, ninalamba ncha ya kalamu kila mustari. Lakini wenye diplome zao wanakuja kuniomba kazi, na wanasimama wakati wa kuniomba.

Basi juzi nilikuwa mbele ya depo yangu ninalipa wabebaji. Muzee moja kati yao, mugeni, alikaa juu ya mufuko wake, akatoa kiko, akajaza tumbako ya majani, ile watu wanalima wenyewe nyuma ya nyumba, akawasha. Moshi ukanifikia. Nilisahau hesabu. Nilisimama na noti mu mukono kama muntu mwenye kuitwa na Mama yake kutoka mbali.

“Patron amepatwa na nini?” kijana moja akauliza mwenzake.

Nikawafokea wote. Lakini mudomo wangu ulikuwa umejaa ladha ya chuma, na ile ladha njo ninataka kuwaelezea, ninyi wa rika yangu, wenye mulikuwa watoto wakati baba zetu walikuwa bado wanavua kofia mbele ya kila Muzungu.

Sisi tulikaa Kibabi, ku mutelemko wa kilima. Papa yangu alikuwa mulimaji na shemasi wa kanisa. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbako, na alipenda watu wajue kama hakunywa na hakuvuta. Ujana wake aliumalizia Walikale, mu kampuni, anasafisha muchanga wa madini ndani ya maji mpaka magoti yakaota ukurutu, na kule njo alimuoa Mama. Watu wa Mama ni watu wa musituni. Wanalima ndizi na muhogo kama kila muntu, lakini ukiwauliza kazi yao watakuambia wanawinda. Kaka ya Mama, Mujomba Lukasi, alikuwa na nyavu, alikuwa na imbwa ine zenye kengele za muti ku shingo, na alikuwa na bunduki ya baruti, ile ya kujazwa kwa mudomo. Unamwanga baruti, unashindilia na fimbo ya chuma, unatia risasi, unashindilia tena, unabandika fataki ku katundu ka moto kule nyuma, halafu unaomba Mungu.

Kila tulipofika kwao walituwekea nyama. Nyama ya paa iliyokaushwa ku moshi, mu mafuta ya mawese, na ule mufupa wa shingo wenye unanyonya mpaka masikio yanalia. Na kila mara Mujomba alikuwa na neno lake.

“Kula, shemeji, kula. Ao kule kwenu maharage iko na mifupa?”

Watu walicheka, Papa naye alicheka. Lakini mimi nilikaa karibu yake, na niliona kama mutaya wake ulikuwa umesimama, hautafuni. Kule Kibabi paa walikuwa wanatoka ku pembeni ya pori asubuhi na kula majani ya njegere zetu, na Papa aliwafukuza na mawe. Shemasi muzima, na koti lake, anawatupia paa mawe kama mutoto. Mama alikuwa anageuza uso.

Njo alianza kuweka faranga mu kopo la maziwa, chini ya kitanda. Faranga za maharage, za viazi, za kuku. Juu ya kutokunywa, pesa haikuwa na mulango wa kutokea. Kopo ilipofika mia sita na makumi ine, akamwambia Mama kama anakwenda kununua bunduki.

“Umupitie kaka yangu kwanza,” Mama akasema. “Yeye iko anajua bunduki kama mimi ninavyojua chungu.”

“Lukasi anichagulie? Halafu abaki anaelezea dunia nzima kama shemeji yake hajui kununua?”

“Atacheka siku mbili. Bunduki utakaa nayo miaka.”

“Nitakwenda na mutoto. Yeye iko anasoma namba.”

Ule mutoto ni mimi. Nilikuwa na miaka kama kenda, nilisoma namba mpaka elfu, na ile asubuhi nilitembea kifua mbele kama jogoo.

Tulianzia ku duka, pale posta. Bunduki mupya ilikuwa imefungwa ku ukuta na munyororo, mafuta yake bado iko ku chuma. Karani wa duka akatuangalia kuanzia ku miguu.

“Muzee, unataka kununua ao unataka kushikashika? Kushika ni bure mara moja.”

“Ngapi?” Papa akauliza.

“Elfu moja na mia moja. Permi, ile karatasi ya ruhusa, utajitafutia kwa biro ya serikali.”

Papa akaishika ile mara yake moja. Akaiinua, akaiweka ku bega, akaishusha, akainusa. Halafu akairudisha na mikono miwili, kama vile tunarudisha sahani ya meza ya Bwana. Sasa mimi muzee wa soko ninawaambia: kilichokosekana ni mwaka moja na nusu. Mavuno matatu ya maharage, basi. Muntu akinijia leo na mia sita anataka kitu cha elfu, ninamufukuza, ninamwambia nenda ulime. Lakini Papa alikuwa tayari amewaambia wenzake wa kanisa kama atarudi na bunduki.

Mwendo wa saa moja kutoka posta kulikuwa na muzee moja, Anselemi, zamani kapita, musimamizi wa watu wa barabara. Alikuwa anauza bunduki yake, alisema, juu ya macho kuchoka. Akaitoa ndani ya nyumba, imefungwa mu kitenge. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Muti wa kitako uling'aa na mikono ya watu. Na pale chuma inakutana na muti, karibu na fataki, ilikuwa imevishwa ngozi ya kenge, imeshonwa ikiwa mbichi, ikakauka ikabana, magamba yake madogo madogo meusi na manjano yamepangwa kama shanga.

“Hii ngozi ni ya nini?” Papa akauliza.

“Ya kushikia. Mukono usiteleze na jasho. Na tena, shemasi, wewe unatembeaka uchi? Bunduki yenye imeua pongo makumi ine, nayo iko na heshima yake.”

Tulicheka. Akataja mia sita na makumi tano. Papa akasema mia tano. Wakavutana, wakaitana ndugu, wakaitana mwizi, Papa akafanya kama anaondoka mara mbili, mara ya pili mpaka ku barabara.

“Mia sita, na permi yake ndani,” Anselemi akapiga kelele. “Weye shemasi unanikamua! Ningejua kanisani wanafundisha hivi, ningebatizwa zamani.”

Ilibaki kuipima. Papa alikuwa amesikia kule Walikale kama bunduki hainunuliwi mpaka uipulizie moshi wa tumbako ndani ya mututu. Lakini yeye ni shemasi, na ku barabara kulikuwa kunapita wamama wawili wa kanisa letu na vitunga vyao. Kiko cha tumbako ku mudomo wa shemasi, mbele ya wamama wa kanisa! Akaangalia barabara, akaniangalia.

“Mutoto atapuliza.”

Anselemi akawasha kiko chake, akanipa. Bunduki ilisimamishwa, kitako chini, mututu umelazwa kidogo ku bega yangu. Nilivuta. Kifua ikawaka moto. Nikaweka mudomo ku chuma, nikapuliza, nikavuta tena, nikapuliza tena. Papa alikuwa ameinama upande wa kuume, kwenye katundu ka moto, jicho karibu sana, na moshi ukatoka pale, mustari wa bluu, umenyooka.

“Inatoka!” akasema. Alisema na furaha sijamusikia nayo hata ku Noeli.

Lakini mimi nilikuwa na mudomo ku chuma na macho wazi, machozi yanatiririka, na niliona upande wangu, upande wa kushoto. Chini ya ngozi ya kenge kulitoka moshi kidogo, mwembamba kama uzi wa Mama wa kushonea. Haukupanda juu. Ulitambaa ku magamba.

Munajua nilifikiri nini? Nilifikiri kenge iko anapumua. Mujomba alikuwa ameniambia siku moja, kwa kunichezea, kama bunduki yenye imeua nyama nyingi inabakia na pumzi zao ndani. Basi niliona pumzi. Pongo makumi ine wanapumua pale. Nilifurahi mpaka mwili ukasisimuka, halafu nikaanza kukohoa, nikatapika ku miguu ya Anselemi, nao wakacheka wote wawili.

“Uliona kitu upande wako?” Papa akauliza, anapangusa macho.

Ningesema kenge anapumua wangecheka tena. “Haina kitu, Papa. Iko nzima kabisa.”

Anselemi alikuwa haniangalii kifua wala matapishi. Alikuwa ananiangalia macho. Akaingia mbio ndani akaniletea muwa mukubwa, umekwisha kumenywa. Nimefanya biashara miaka mingi, nimewapatia watu wengi ule muwa, na leo ninajua vizuri ulikuwa wa nini.

Papa alirudi Kibabi na bunduki ku bega na faranga makumi ine mu kopo, na kwa kila muntu wa njiani alisema, “Huyu njo alinichagulia.”

Kwa watu wa Mama, mwanaume akipata bunduki ya kwanza anaipeleka kwa kaka ya muke wake. Yule anatafuna majani wanayoyajua wao, anatemea mate ku mututu, anasema maneno mawili matatu, na nyama ya kwanza, muguu wa nyuma ni wake. Bila ile, wanasema bunduki haina mujomba, na bunduki isiyo na mujomba inaweza kumupiga yeyote. Papa aliona ile ni mambo ya zamani, ya watu wasiobatizwa. Lakini alitembea siku mbili kwenda Walikale na sisi wote nyuma. Hakukwenda kutafuta mate. Alikwenda ili Lukasi aone.

Mujomba akaipokea, akaipima uzito, akainusa. Kidole chake kikatembea ku chuma kikafika ku ngozi ya kenge, kikasimama.

“Mulipuliza moshi?”

“Tulipuliza.”

“Mulifunga katundu ka moto na kidole?”

“Kufunga kwa nini? Nilitaka kuona moshi utoke.”

Mujomba akajipangusa uso na kiganja. Ile siku hakucheka. “Shemeji. Kale katundu unakafunga. Moshi ukikosa njia yake unatafuta njia ingine. Na pale moshi utatokea, pale njo moto utatokea. Nani alipuliza?”

“Mutoto. Mimi sivutaki.”

Mujomba akachutama mbele yangu. Alinuka tumbako na imbwa. “Mupwa wangu, wewe njo ulikuwa na mudomo ku mututu. Uliona moshi fasi gani ingine? Hata kidogo?”

Pale njo nilielewa. Si kenge. Haikuwa kenge hata siku moja. Na nafasi ilikuwa ingali, ninawaambia ukweli, ilikuwa inatosha neno moja. Lakini Papa alikuwa ananiangalia, na alikuwa hajawahi kuniangalia vile mbele ya watu, kama muntu mwenye anaonyesha nyumba yake.

“Hapana, Mujomba. Sikuona kitu.”

“Basi tutoe hii ngozi tuangalie sisi wenyewe,” na akachomoa kisu.

Papa akanyakua bunduki. “Utakata ya kwako! Nimetoa faranga mia sita, nawe unataka kuivua nguo mbele ya watoto? Unaona uchungu juu kuanzia leo sitakula nyama yako?”

Mama akasema, “Baba watoto, mwache aangalie.” Papa hakumusikia, ao alimusikia.

Mujomba akarudisha kisu ku mukaba. Halafu akasema, bila kupandisha sauti: “Mulinunua bila macho yangu. Basi mupige bila mate yangu.” Akaenda kutengeneza nyavu zake.

Yalikuwa maneno ya muntu mwenye kukasirika. Mimi mwenyewe nimesema mabaya kuliko yale kwa fundi wa kamio. Lakini yalisemwa mbele ya watu, na Mama alishika mudomo wake na mikono miwili.

Juma mbili kiisha, Papa akaua paa wa kwanza, palepale ku njegere. Alitia baruti kidogo, juu ya kuihurumia bei. Watu walikuja na nyimbo. Papa akakata muguu wa nyuma, akaushika mu mukono, na Mama akamuangalia.

“Utapelekwa?” akauliza.

“Hakutoa mate. Hatakula muguu.”

Tuliula sisi. Ulikuwa mutamu, sitawadanganya. Na mimi nililala ile siku bila mawazo, nikajiambia kama ule moshi ulikuwa ni pumzi tu, kweli. Akaua wa pili. Akaua wa tatu. Nilikuwa nimekwisha kusahau.

Halafu akatokea pongo, dume, mwenye madoa meupe ku ubavu, mukubwa kuliko mbuzi yoyote ya kilima chetu. Ulikuwa ukungu wa asubuhi. Papa akatia baruti mara mbili. Nilikuwa nyuma yake na kifuko cha fataki. Sauti haikuwa ya bunduki. Ilikuwa fupi, kama chungu kinapasuka ku moto. Magamba ya kenge yaliruka yakaniangukia ku nywele.

Papa alibaki amesimama. Aliangalia mukono wake wa kushoto, ule wenye kushikilia pale ku ngozi, kama vile ulikuwa wa muntu mwingine. Vidole vitatu havikuwako tena.

“Chukua bunduki,” akaniambia. “Isilowe.”

Ku dispensere walishona penye palishoneka. Hata kidonda hakijakauka, ndugu za Papa wakaanza kuuliza. Nani alikataa kutemea mate? Nani alisema mupige? Wakamuita Mujomba. Akatembea siku mbili, peke yake, akasimama katikati ya kiwanja chetu, hawakumupa kiti.

“Ulisema ao haukusema?” baba mukubwa akamuuliza.

“Nilisema.”

“Na kiisha ikamukata mukono.”

“Ilikuwa imepasuka tangu kule ilikotoka. Ile ngozi ilifunika. Mimi nilitaka kuitoa, shemeji mwenyewe anajua.”

“Nani aliona kama imepasuka? Iko wapi muntu aliyeona?”

Mujomba akageuza kichwa polepole. Mimi nilikuwa ku mulango wa jikoni.

Baba mukubwa akainua mukono wa Papa wenye kitambaa, akaanza kuhesabu. Kidole moja, faranga makumi nane. Kidole cha pili, makumi nane. Cha tatu, makumi nane. Juu yake mbuzi mbili, za kusafisha maneno. Na mimi, mutoto wa kusoma namba, mukubwa wa hesabu, nilielewa hesabu yangu mwenyewe: kama nikisema niliona moshi, watanileta pale katikati, wataweka mukono wangu juu ya jiwe la kusagia, na watachukua vitatu. Vya Papa vitalipwa na vyangu. Ninaapa, njo nilivyofikiri. Nikaficha mikono mu makwapa, na nikakaa hivyo mpaka watu wote walipokwenda.

Mujomba alirudi kiisha mwezi na mbuzi mbili na faranga mia mbili na makumi ine mu kitambaa. Hakuja na imbwa. Alikuwa ameziuza zote, na kengele zao.

“Ninalipa,” akasema. “Si juu ya kuwa nilifanya kitu. Ninalipa ili dada yangu alale mu nyumba yake.”

Walipokea, wakamusindikiza na jina la mulozi, muchawi. Na Papa, shemasi, mwenye kusema mambo ya watu wa musituni ni upagani, alikataa kula chakula chenye kupita mu mikono ya Mama. Alipikiwa kwa muke wa baba mukubwa. Mama alipika kila siku, aliweka sahani, aliondoa sahani. Mvua ilikwisha, kiangazi kikaja, na asubuhi moja akafunga dada yangu mudogo, mwenye alikuwa bado ananyonya, mugongoni, akachukua kitunga.

Nilimufuata mpaka ku kijito.

“Rudi,” akaniambia. “Papa yako hana mukono wa kushoto. Wewe njo mukono wake.”

Nilifungua mudomo. Ladha ya chuma ikajaa ndani, na tumbako. Akangojea kidogo, miguu ndani ya maji. Halafu akavuka.

Sikumuona tena. Alipokufa kule Walikale, habari ilitufikia na mubeba chumvi, juma tatu kiisha mazishi.

Nilikuwa mukono wa kushoto wa Papa mpaka alipokufa. Nilimushikia jembe, nilimufungia vifungo vya koti siku ya kanisa, na hata siku moja hakuacha kuwaambia wageni, “Huyu njo alinichagulia ile bunduki,” kama vile ile bunduki ilikuwa musalaba wetu sisi wawili. Kiisha nikatoka. Nilibeba chumvi, nilibeba maharage, nilibeba mawe ya madini ku mugongo mpaka shingo ikakomaa kama mupira wa kamio. Hakuna muntu alinipa kitu. Nyumba yangu iko na mabati, na simiti mpaka mulangoni. Vidole vyangu kumi viko vyote, na kila asubuhi ninaviona.

Basi, kiisha ule moshi wa muzee mubebaji, sikulala vizuri siku tatu. Siku ya ine nikamwambia shofere atie mafuta. Njiani nikanunua mbuzi mbili, nzuri. Nilifika Walikale na kamio yangu mpaka mbele ya nyumba.

Mujomba alikuwa amekufa. Nilimukuta binti yake, Esiteri, mwanamuke wa umri wangu, nywele zimeanza kuwa nyeupe, anamenya muhogo. Nilimuambia yote nimesimama, kofia mu mukono. Moshi. Upande wa kushoto. “Sikuona kitu.” Mikono mu makwapa. Hakuacha kumenya.

“Mama yako alikuwa anatuuliza kila siku kama haukupita,” akasema kiisha. “Amelala nyuma ya nyumba, karibu na Papa yangu. Watu wa hapa hawakutaka awekwe kwingine. Dada ya mulozi.”

Nilitoa bonge la noti, nikaliweka juu ya kiti. “Hii ni ya mabati, dada. Ingine iko mu kamio.”

Hakuliangalia. “Papa yangu alilipa ngapi?”

“Mbuzi mbili, na faranga mia mbili na makumi ine.”

“Basi rudisha ile.”

“Mbuzi ziko hizi. Lakini zile faranga zilikufa, dada! Walibadilisha pesa, elfu moja ikawa zaire moja, na zaire moja ni makuta mia moja. Mia mbili na makumi ine, leo ni...” Nikahesabu. Mimi, mwenye bei zote zinaniogopa, nikahesabu mara mbili. “Haitanunua hata kijiti cha kiberiti.”

“Kaka,” akasema, na sasa aliweka kisu chini. “Ukileta nyingi, watasema tajiri amekuja kununua watoto wa mulozi. Ukirudisha ile yenyewe, watajua kama alilipa bure. Chukua noti zako.”

Akawaita majirani. Walikuja wengi, wazee wengine walikuwa wanamukumbuka Mujomba na imbwa zake. Na mimi, na bonge langu la noti, sikuwa na ile pesa. Nani alikuwa bado anatembea na sarafu za makuta? Watoto walikuwa wanazichezea. Shofere akafungua sanduku la vyombo vya kamio, akachokora chini kabisa mu grisi, akapata tano: moja ya makuta makumi mbili, na ine za likuta moja moja. Nilizipangusa ku shati yangu mwenyewe.

“Sema kwa sauti,” Esiteri akaniambia. “Sema ni za nini.”

Nikasema. Nilisema niliona moshi, nilisema Mujomba Lukasi hakuloga muntu. Halafu nikamuhesabia mu kiganja, moja moja, watu wote wanaangalia, naye akazifunga ku ncha ya kitenge chake, akakaza fundo na meno: makuta makumi mbili na ine.